Kaka, Usimlaze Wifi Yangu Chini ya Bwawa

Mwezi huu nilikuwa nimekuandalia mada ya mashemeji wanaokuja kusalimia wiki moja halafu wanakaa sebuleni miezi sita. Ipo, inakuja. Ila nimeiweka kando kwa sababu ya ujumbe mmoja ulionifikia, ambao nimeshindwa kuuacha upite hivi hivi.

Aliyeuandika ni kijana wa Tabata, anafanya kazi benki, na anafunga ndoa mwezi wa 10. Yeye na mchumba wake wamekubaliana kupunguza watu kwenye sherehe, wakamkata MC wa bei mbaya, wakaikata na keki ya ghorofa saba, ili pesa itakayobaki iende kwenye fungate. Na si fungate ya siku mbili Bagamoyo. Wanataka kupanda meli ya kitalii, zile hoteli zinazoelea, kuondokea na kurudia Barcelona, usiku 7, mwezi wa 11. Visa wanaishughulikia, ndege wameshaangalia. Kilichobaki ni chumba.

Wakala wa usafiri amewapa viwili wachague. Cha kwanza kina balkoni, kipo mbele kabisa ya meli, ghorofa ya juu, na juu yake kuna bwawa la kuogelea. Cha pili ni cha ndani, hakina hata dirisha, kipo katikati ya meli, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha. "Dada mhariri," kaniandikia, "mimi roho yangu iko kwenye kile cha mbele, tusimame kama Jack na Rose. Ila mchumba wangu hata boti ya Zanzibar inamlaza chini, na usingizi wake ni wa mang'amung'amu. Wakala anasema meli kubwa haitikisiki. Nifanyeje?"

Kaka yangu, kwanza nilicheka. Halafu nikanyamaza, kwa sababu chini ya bwawa la namna hiyo mimi nimeshalala.

Ilikuwa mwaka 2019. Mimi na mume wangu tulikuwa tunatimiza miaka mitano ya ndoa, na ule wa tano ulikuwa mbaya. Yeye kazi ilimpeleka Geita, mimi nikabaki Dar. Tulikuwa tunaonana wikiendi moja kwa mwezi, tena ikiwa hakuna msiba wala kitchen party. Mapenzi yote yalihamia kwenye simu, na unajua simu inavyoweza kulifanya jambo dogo likawa kesi. Tukasema tujitoe muhanga, tupate usiku minne mfululizo wa kuwa pamoja bila mtu kutuita. Afrika Kusini sisi Watanzania hatuhitaji visa kwa matembezi mafupi, kwa hiyo tukachagua safari ya meli kutoka Durban, kupanda kaskazini hadi Msumbiji na kurudi.

Chumba tulichaguliwa. Wakala alituambia, "Mama, hiki ni cha juu kabisa, mnatoka na kandambili mnaingia bwawani." Tukaona tumependelewa! Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza: kama sisi tunaingia bwawani kwa kandambili, wenzetu elfu mbili wako wapi?

Walikuwa juu ya vichwa vyetu. Muziki wa bwawani ulizimwa saa 7 usiku. Tukashukuru Mungu, tukageuka tulale. Ndipo viti vilipoanza kuburutwa. Krrr... krrr... kama vile jirani wa ghorofa ya juu anahama usiku kukwepa kodi. Saa 11 alfajiri mabaharia wakaja na mipira ya maji kuosha sakafu, kisha wakaanza kuvipanga upya vile vitanda vya kuota jua, kimoja kimoja, na viko mamia. Na meli yenyewe ilikuwa inacheza. Pwani ile ina mkondo mkali unaoteremka kuelekea kusini, unaitwa Agulhas, na upepo wa kusini magharibi ukiukabili huo mkondo, mawimbi yanasimama wima. Sisi tulikuwa juu na mbele, kwa hiyo kila wimbi lilitupitia.

Asubuhi ya kwanza tulichekana macho mekundu. Usiku wa pili hakuna aliyecheka. Saa 10 kasoro mume wangu alikaa kitandani akasema, taratibu kabisa, "Wewe ndiye uliyelipia hiki chumba." Nami nikamjibu jambo la Geita ambalo halikuhusu chumba hata kidogo. Nyumbani mkifika hapo mmoja anachukua mto anakwenda sebuleni. Chumba cha meli hakina sebule ya kwenda kununia. Kina kitanda, kabati, meza ndogo na choo. Nilikwenda kununia chooni, nikakaa juu ya kifuniko nikiwa nimejifunga khanga, mpaka viti vya saa 11 vilipoanza.

Mapokezi walituambia meli imejaa, hakuna pa kutuhamishia. Kesho yake tukashushwa Kisiwa cha Wareno, pale karibu na Inhaka, mkabala na ghuba ya Maputo. Mchanga mweupe, maji kama kioo, pahali pa kupiga picha za ukutani. Mimi nililala chini ya kivuli saa nne nzima, mdomo wazi. Mume wangu akazunguka kisiwa peke yake. Picha moja tu ndiyo tunayo ya siku ile, na ndani yake tumesimama kama watu waliokutana kituo cha basi.

Kwa hiyo, kaka, unaponiuliza chumba gani, mimi sisikii swali la mandhari. Nasikia swali la usingizi. Maharusi wawili waliolala vizuri wataipenda hata meli mbovu, na wasiolala watagombana hata mbele ya Vesuvio.

Sasa tuanze na huyo wakala wako na meli yake isiyotikisika. Kasema nusu. Meli kubwa za siku hizi zina kitu mfano wa mapezi ya samaki, yanachomoza ubavuni chini ya maji na kupunguza ule mlalo wa kushoto na kulia. Lakini kule kuinama na kuinuka, omo ikizama tezi inapanda, mapezi hayo hayakusaidii sana. Na hapo ndipo mahali pa chumba panapoanza kusema. Ulishawahi kukaa siti ya nyuma kabisa ya basi la mkoani? Kila tuta linakurusha mpaka unagonga dari, wakati aliyekaa katikati anaendelea kutafuna mahindi yake. Meli ni hivyo hivyo: katikati ya urefu wake ndipo inapojipinda, na ncha mbili ndizo zinazobembea. Halafu kuna urefu wa kwenda juu. Tazama mnazi kwenye upepo wa kusi. Kilele ndicho kinachoyumba, shina limetulia.

Wazoefu wa boti za Zanzibar wanalijua hili bila kusomeshwa. Mgeni anakimbilia juu, mbele, aione bahari. Mzoefu anashuka chini, anatafuta siti ya katikati kuelekea nyuma, anajifunika mtandio. Mwezi wa 7, vile vimfuko vinapoanza kugawiwa, utajua nani ni nani.

Na kuhusu Jack na Rose, samahani naharibu filamu. Ile ya mwaka 1997 imetufanya wote tuamini kwamba mapenzi ya melini yako omoni. Lakini katika Titanic yenyewe, ile iliyozama mwaka 1912, matajiri wa daraja la kwanza walilala katikati ya meli. Waliowekwa omoni na tezini ni abiria wa daraja la tatu. Watengeneza meli walijua ni wapi panapotikisika, wakawapa wasio na pesa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kaka yangu wa Tabata anataka kuongeza pesa ili apewe pale pale!

Tuje kwenye kelele, maana mtikisiko unaweza kuvumilika, kelele hapana. Hapa nataka ufanye kazi moja ambayo hata wakala wako pengine hajaifanya. Kila kampuni ya meli inatoa ramani za ghorofa zake, zinapatikana kwenye intaneti bure. Usiangalie ghorofa ya chumba chako peke yake. Fungua tatu: yako, ya juu yake na ya chini yake, uziweke sambamba, uweke kidole palepale. Unachotaka kuona juu ni vyumba vya kulala. Unachotaka kuona chini ni vyumba vya kulala. Watu waliolala ni majirani wazuri.

Ukiona juu kuna bwawa, ondoka. Ukiona mgahawa wa kujihudumia, ondoka, kwa sababu viti vya mgahawa navyo vina miguu na toroli za vyombo zinaanza kazi kabla ya jogoo. Ukumbi wa mazoezi ni hatari ambayo watu hawaifikirii, mtu mmoja anayekimbia kwenye mashine saa 12 asubuhi anatosha kuwaamsha watu wawili. Chini yako kusiwe na ukumbi wa muziki, kasino wala disko, maana besi haina habari na zulia, inapanda na chuma mpaka kwenye godoro. Halafu kuna kitu cha kijanja kwenye zile ramani: sehemu nyeupe zisizoandikwa chochote. Usidhani ni hewa. Mara nyingi ni stoo, chumba cha wahudumu, mitambo au jiko dogo, na milango yake inafunguliwa na kufungwa usiku kucha na watu walioko kazini.

Ndani ya korido yako mwenyewe napo pana mambo. Karibu na lifti ni kuzuri, ila si mkabala nayo. Lifti zenyewe hazina kelele, kelele ni ya watu wanaozisubiri saa 8 usiku wakiwa wamechangamka. Hesabu milango mitano, sita kutoka hapo. Usiende mbali sana pia, kwani meli hizi zimekuwa ndefu mno. Icon of the Seas iliyoanza safari mwaka 2024 ina urefu wa mita 365 hivi, zaidi ya viwanja vitatu vya mpira, na ukisahau mkoba wako chumbani utajuta.

Kingine ni mlango wa pembeni unaounganisha vyumba viwili, uliowekwa kwa ajili ya familia zenye watoto. Kwenye ramani huonyeshwa kwa alama ndogo kati ya chumba na chumba. Ukuta unazuia sauti kiasi, mlango ule hauzuii. Utasikia jirani akipiga chafya, naye atakusikia. Na ninyi ni maharusi, sitaki kufafanua zaidi.

Kule chini omoni je, ambako ni bei rahisi? Pale Durban mezani tulikaa na wanandoa kutoka Nairobi, watu wacheshi, waliokuwa wamewekwa huko. Wao bwawa hawakulisikia kabisa. Siku ya kisiwa, kwa kuwa hakuna gati na abiria wanapelekwa ufukweni kwa boti ndogo, meli ilitia nanga saa 12 asubuhi. Mnyororo wa nanga ukateremka kama lori linalomwaga mabati. "Nilimshika mkono bibi yangu nikasali," yule bwana alituambia, "nilijua tumegonga mwamba." Hata bandarini, kwenye gati, kuna propela za ubavuni kule mbele ambazo huisukuma meli kando. Zikiwashwa, chumba cha chini omoni kinatetemeka kama mashine ya kusaga. Tezini nako kuna mtikiso wa propela kubwa, ingawa wapo wanaopapenda kwa ajili ya ule mfereji wa povu unaobaki nyuma ya meli. Wewe si wa huko, wifi yangu hawezi.

Balkoni sasa. Sina ugomvi na balkoni. Kukaa nje na kikombe cha chai, jua linachomoza, mwenzako amejifunga shuka, hakuna simu... ni raha, nisikudanganye. Lakini pima na safari yako. Hizi safari za Barcelona, meli hutembea usiku na mchana iko bandarini: Marseille, Genoa, Naples na kadhalika. Mchana ninyi mtakuwa mjini mnapiga picha, usiku nje ni giza tupu. Mwezi wa 11 kule ni baridi, mtu wa Tabata hatakaa balkoni bila jaketi. Na katika ghuba ya Lion, kati ya Barcelona na Marseille, huteremka upepo mkali wa baridi uitwao mistral, hasa miezi ya baridi na mwanzoni mwa masika ya kwao. Balkoni ya omoni, ghorofa ya juu, kwenye upepo huo, mlango hata kuufungua ni kazi.

Ndiyo maana hata ule mjadala wa upande wa kushoto au wa kulia, ambao nimeona watu wanautolea jasho, kwa safari kama yenu siuoni umuhimu wake. Mkiwa gatini utaona bandari au utaona ukuta wa makontena, ni bahati yako ya siku hiyo.

Ukiwa na pesa na bado unataka dirisha, chukua la ghorofa za chini katikati. Uliza tu kama halikuzibwa. Kuna vyumba ambavyo mbele ya dirisha imening'inia boti ya kuokolea maisha, rangi ya machungwa, kubwa kama daladala, na hiyo ndiyo mandhari yako ya wiki nzima. Huuzwa bei nafuu na makampuni husema wazi, ila kwa maandishi madogo. Na ukikutana na vyumba vya ndani vyenye dirisha linalotazama mtaa wa maduka ndani ya meli (Royal Caribbean walianza navyo kwenye Voyager of the Seas mwaka 1999), ujue vinapendeza kwa mtu anayependa kuangalia watu. Maandamano ya muziki yakipita mtaani, yamepita chumbani kwako.

Chumba cha ndani, kile ambacho nasikia unakionea aibu, nina la kusema juu yake. Mwaka 2023 mimi na mume wangu tulirudi baharini. Alishahamishiwa Dar, na ilinichukua mwaka mzima kumshawishi. Tulipita huko huko mnakokwenda ninyi, mwezi wa 5, na safari hii chumba nilikichagua mwenyewe, na ramani tatu juu ya meza ya kulia chakula kama jemadari. Cha ndani. Ghorofa ya katikati, katikati ya urefu, vyumba juu, vyumba chini, milango sita kutoka kwenye lifti. Tofauti ya bei na balkoni ilikuwa sawa na kodi yetu ya nyumba ya miezi minne. Mume wangu alipofungua mlango alisema, "Ndiyo hiki?" Kina mita za mraba 15 hivi, na ukizima taa ni giza la kaburi. Akanyamaza namna ile ninayoijua.

Tukalala saa 5 usiku. Nilipoamka sikujua ni usiku au mchana. Nikashika simu: saa 3 na nusu asubuhi. Meli ilishafunga Marseille, nanga wala kamba hatukusikia, na mume wangu, mtu ambaye Geita alizoea kuamka saa 10, alikuwa anakoroma kama mtoto aliyeshiba. Staftahi ilikuwa inakaribia kufungwa. Tulikimbia korido ile tukiwa tumeshikana mikono, yeye na viatu visivyofanana. Hiyo picha hatuna, lakini naikumbuka kuliko zote.

Kwa hilo giza mjiandae. Wekeni kengele ya simu, la sivyo Naples itawapita. Meli nyingi zina chaneli ya televisheni inayoonyesha kamera ya mbele ya meli. Izimeni sauti, mwanga wake kidogo unatosha kama taa ya usiku, na kukipambazuka baharini mtaona chumbani. Na taulo moja chini ya mlango kuzuia mwanga wa korido. Vizibo vya masikio mchukue hata hivyo, jirani humchagui.

Kuna mitego miwili ya wakala niitaje kabla sijasahau. Wa kwanza ni chumba cha "utapangiwa baadaye". Unalipa bei ndogo kwa aina ya chumba, namba utaijua siku chache kabla ya safari au siku hiyohiyo. Kwa mtu anayelala popote, hata kwenye daladala la Mbagala saa 12 jioni, ni bei ya kuchangamkia. Kwa wifi yangu usithubutu. Mnataka namba ya chumba, imeandikwa kwenye karatasi, kabla hujatoa amana. Wa pili una sura ya zawadi: mnaletewa ujumbe kwamba mmepandishwa daraja kutoka chumba cha ndani kwenda cha balkoni, bure au kwa nyongeza kidogo. Msishangilie kwanza. Ulizeni ni namba gani, mfungue ramani. Mtu anaweza kupandishwa daraja akapelekwa chini ya bwawa.

Kwa upande wa kulevywa na bahari, mwambie apite kwa mfamasia kabla ya safari. Dawa nyingi za kuzuia kichefuchefu husaidia zaidi zikimezwa kabla hali haijachafuka, na baadhi zinaleta usingizi, kwa hiyo asizijaribu kwa mara ya kwanza siku ya kupanda meli. Kama kuna uwezekano wa ujauzito (simo!) amwone daktari kwanza. Chai ya tangawizi haikosi, tumbo tupu halisaidii, na mkiwa nje atazame mbali pale mbingu na bahari zinapokutana, si kwenye simu.

Lakini kuna jambo katika ujumbe wako ambalo si la ramani. Umeandika "mimi nataka" na "mchumba wangu hawezi". Hukuandika mahali popote kwamba mmekaa mkaliongea. Yeye anajua kwamba chumba cha mbele kina bwawa juu yake? Au amenyamaza kwa sababu anaona una hamu, na hataki aonekane ndiye anayeharibu fungate kwa kutapika? Mimi nilinyamaza hivyo mwaka 2019. Nilijua sipendi kulala juu kabisa, nikaona aibu kumkatalia mtu aliyetoka Geita akiwa na furaha. Kumbe yeye naye alikubali kwa sababu alidhani mimi ndiye ninayekitaka. Tulikuja kuambiana hilo miaka miwili baadaye, jikoni, tunamenya viazi.

Kwa hiyo mwonyeshe ile ramani leo jioni. Mpe kalamu, aweke alama pale anapotaka kulala. Kisha naye akuulize wewe unataka nini hasa omoni. Kama ni ile picha ya kunyoosha mikono, hiyo haiuzwi pamoja na chumba. Sitaha za juu ni za abiria wote, wa chumba cha ndani na wa chumba cha kifalme. Mkiondoka Barcelona jioni ya kwanza pandeni huko, na majaketi yenu, taa za mji zikirudi nyuma. Mshike kiuno. Akianza kuhisi vibaya mnashuka katikati, mnalala.

Jibu langu basi ni kile cha ndani, kama namba yake kwenye ramani ina vyumba juu na chini. Kama haina, mwambie wakala akutafutie kingine katikati hapo hapo, akikwambia vyote ni sawa tafuta wakala mwingine. Kitakachobaki kwenye bei mkakile Naples. Na mkifika, angalieni kama vitanda vimeunganishwa, kwani vingi ni viwili vidogo vinavyosogezwa. Mhudumu wa chumba atawaunganishia kwa dakika tano mkimwomba. Upande ulio karibu na choo mpe wifi.

Nitumie ujumbe mkirudi. Sisi wengine tukutane mwezi ujao, na wale mashemeji wetu wa sebuleni.